Imeandikwa Wapi? Historia Fupi ya Ada, Kodi na Bima ya Gari, kutoka Lado hadi Ludara



Katika ankara za bima ya gari huonekana mara kwa mara mstari ambao watu wengi huupita kwa macho tu: "ada ya utawala". Mstari huo hausemi ni utawala gani, wa kazi ipi, wala nani aliyeamua kiasi chake. Mwenye gari la mizigo aliyetoka gombolola ya Ludara alfajiri na kufika Koboko mjini au Arua kukata bima huutazama mstari huo, huitazama saa, kisha hulipa. Akiuliza, hujibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Asipouliza, hajibiwi lolote.

Leo nakualika tuusome mstari huo kwa jicho la historia. Ludara iko katika wilaya ya Koboko, kwenye pembe ile ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Watu wa pembe hiyo wametozwa na tawala nyingi kuliko majirani zao wengi. Mara walitozwa bila karatasi, mara wakapewa karatasi bila kupewa sauti. Ni katika kizazi chetu tu ambapo raia amepata haki ya kuuliza swali moja fupi kabla ya kufungua mkoba wake: imeandikwa wapi? Makala hii ni historia ya swali hilo, na ya namna ya kuliuliza mbele ya kaunta ya bima.

Maneno yenye kumbukumbu

Tuanze na lugha, kwa kuwa maneno huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Neno "bima" lilitufikia kutoka Bara Hindi, pamoja na wafanyabiashara waliovuka bahari na mali ambayo hawakutaka izame pamoja na jahazi. Neno "ushuru" ni la Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Anayetozwa ushuru wa asili alijua hesabu yake kabla ya kufika forodhani. "Tozo" limezaliwa na kitenzi "kutoza", yaani kumfanya mtu atoe. Ndani ya neno hilo mna nguvu, na nguvu hiyo hudai kibali cha sheria.

Neno "ada" nalo lina maana mbili ambazo mzungumzaji wa Kiswahili huzitumia bila kuzichanganya. Ada ni desturi, kama tusemavyo "ada na desturi za wazee". Ada pia ni malipo: ya mganga, ya shule, ya uanachama. Maana hizi mbili ni ndugu, kwani malipo ya ada yalikuwa yale ambayo jamii nzima iliyajua kwa kawaida. Hakuna aliyeshtukizwa na ada. Basi malipo ambayo mtu huyaona kwa mara ya kwanza siku anayodaiwa yanajiita ada kwa jina tu, maana si desturi ya yeyote isipokuwa ya anayeyapokea.

Lado: kutozwa bila karatasi

Mwaka 1894 nchi iliyoko magharibi ya Nile, ambayo leo tunaiita West Nile, iliingizwa katika mkataba baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ikaitwa Eneo la Lado. Wakakwa, Walugbara, Waalur na Wamadi hawakuulizwa. Mkataba ulimpa Leopold haki ya kukaa humo maadamu yu hai, kama mpangaji wa nyumba ambayo wenyewe wamo ndani. Askari wa Kongo walihitaji chakula, nao walikichukua kwa wenyeji: nafaka ghalani, mbuzi na ng'ombe zizini. Hapakuwa na risiti, hapakuwa na kiwango, wala hapakuwa na siku ya mwisho ya kudaiwa.

Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 eneo hilo likahamishiwa Sudan. Kwa miaka michache lilikuwa karibu bila mwenyewe, likajaa wawindaji wa ndovu waliojichukulia pembe. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda, na ofisa Mwingereza A. E. Weatherhead akaweka kituo cha serikali Arua. Tangu kuandikwa kwa mkataba wa Leopold hadi kituo hicho ilikuwa miaka 20, na katika miaka hiyo watu walewale, bila kuhama vijiji vyao, walikuwa wamepita mikononi mwa tawala tatu. Hakuna hata mmoja uliowaeleza kwa nini walipaswa kulipa.

Kodi yenye karatasi, lakini bila sauti

Waingereza walileta karatasi. Kodi ya kichwa ilikuwa na kiwango, ilikuwa na mwaka, na aliyelipa alipewa hati. Kwa mtazamo wa msomaji wa leo hilo lilikuwa badiliko kubwa. Lakini hati hiyo ilithibitisha jambo moja tu, kwamba umelipa. Haikukupa nafasi ya kuuliza kodi imetumikaje au kiwango kimepangwa na nani. Machifu na mawakala waliokusanya hawakuchaguliwa na walipaji.

Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana West Nile. Ndiyo maana vijana wengi wa Kilugbara na Kialur walisafiri kwa miguu na baadaye kwa malori hadi mashamba ya miwa na pamba ya kusini mwa Uganda, wakafanya kazi miezi mingi, wakarudi na kilichobaki. Wengine, hasa Wakakwa na Walugbara, waliingia jeshini katika King's African Rifles, na huko walikutana na Kiswahili kikiwa lugha ya amri. Historia hiyo inaeleza kwa nini katika sehemu nyingi za Uganda Kiswahili kilipata sifa ya lugha ya kuagiza badala ya lugha ya kuuliza. Sisi tunaokifundisha tuna kazi ya kuirekebisha sifa hiyo.

Mwaka 1919 hasira ililipuka katika vuguvugu la Yakan. Wafuasi wake walikunywa maji yaliyoaminiwa kuwa na nguvu. Waliahidiwa kwamba risasi hazitawadhuru, wafu wao watarudi, na hawatalipa kodi tena. Serikali ilivunja vuguvugu hilo kwa bunduki na kuwahamisha viongozi wake. Wengi wameandika kuhusu maji yale kama ushirikina. Mimi nakuomba uitazame ahadi ile ya kutolipa kodi. Mtu asiye na ofisi ya kupeleka malalamiko, asiye na hakimu wa kumsikiliza wala mwakilishi wa kumsemea, atayapeleka malalamiko yake popote palipo na matumaini.

Baadaye ikaja kodi ya viwango, iliyodumu hata baada ya uhuru wa 1962. Wazee watakusimulia jinsi wanaume walivyojificha vichakani waliposikia wakusanyaji wanakuja, na jinsi tiketi ya kodi ilivyotunzwa kuliko cheti cha ndoa, kwa sababu asiyekuwa nayo njiani angeweza kukamatwa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005, mwaka uleule ambao Koboko ilikatwa kutoka Arua ikawa wilaya. Lakini tabia iliyojengwa na tiketi ile haikuondoka nayo. Tulijifunza kulipa haraka, kutunza karatasi, na kutouliza.

Bima yaingia barabarani

Sasa tugeukie gari. Uingereza iliifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1930. Sababu yake ilikuwa rahisi na ya haki: dereva maskini akimgonga mpita njia, fidia itoke wapi? Lengo la bima hiyo ni kumlinda yule asiyekuwamo ndani ya gari lako na ambaye hamkuwahi kukubaliana lolote. Wazo hilo lilisambaa katika makoloni na kurithiwa na nchi huru.

Nchini Uganda Serikali ilianzisha Shirika la Taifa la Bima, NIC, mwaka 1964. Kisha ukaja mwaka 1972, Idi Amin, mwenyewe Mkakwa wa Koboko, alipowafukuza Waasia, na biashara nyingi zikaporomoka. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi, na wengi mno wakavuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Walioanza kurudi katika miaka ya 1980 walikuta nyumba bila mapaa na ofisi bila majalada. Mtu aliyekuwa na bima, akiba au hati ya gari kabla ya kukimbia, angeithibitisha kwa nini?

Mei 1987 ikaja sarafu mpya. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo Serikali ikakata kodi ya ubadilishaji ya asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 1,000 za zamani alistahili 10 mpya, akaondoka na 7. Makato yale yaliuma, lakini yalitangazwa, yalikuwa na kiwango kimoja kwa wote, na yalikuwa na jina lake halisi: kodi. Hakuna aliyeyaita gharama ya kuhesabu noti.

Mwaka 1989 ikatungwa sheria inayoiongoza bima ya mtu wa tatu kwa magari ya Uganda. Sheria hiyo ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima hiyo, na ikaweka ukomo wa fidia: shilingi milioni 1 kwa mwathiriwa mmoja na milioni 10 kwa waathiriwa wote wa ajali moja. Wakati ule milioni 1 ilikuwa sawa na dola elfu kadhaa. Kwa zaidi ya miaka 30 ukomo huo ulibaki palepale, na kwa thamani ya shilingi ya leo haufikii dola 300. Familia iliyopoteza mlezi wake barabarani hupokea kiasi kisichotosha kulipia mazishi yenye heshima. Nikumbushe hapa kwamba kila shilingi inayotolewa kwenye kaunta ya bima inapaswa hatimaye kumfikia mtu wa namna hii. Shilingi inayobaki katika mstari usioelezeka haimfikii.

Katiba na mkataba: wazazi wawili wa malipo

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ndiyo iliyolipa swali letu mguu wa kusimamia. Ibara ya 17 inamtaka raia alipe kodi. Huo ni wajibu na sitaki mtu aukwepe. Lakini ibara ya 152 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mamlaka ya sheria ya Bunge. Kwa maneno mengine, kodi isiyo na sheria haipo. Tangu Lado hadi mwaka huo, babu zetu hawakuwahi kuwa na sentensi kama hiyo mikononi.

Tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa wengi huteleza. Ada ya kampuni ya bima si kodi, na ibara ya 152 haiigusi moja kwa moja. Kampuni ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupata haki ya kudai kutokana na mkataba, chini ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010. Hivyo kila mstari wa ankara una mzazi mmoja kati ya wawili. Mzazi wa kwanza ni sheria, na basi ataweza kutajwa: sheria gani, kanuni gani, kiwango gani. Mzazi wa pili ni mkataba, na basi ataonyeshwa ndani ya hati uliyoisoma na kuikubali kabla ya kulipa. Mstari usioweza kutaja mzazi wake ni yatima, na huna wajibu wa kuulea.

Mwaka 1996 Uganda ilitunga sheria ya bima iliyoanzisha tume ya kuzisimamia kampuni. Baada ya marekebisho ya 2011 tume hiyo ikawa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayojulikana kwa herufi IRA. Sheria mpya ya Bima ya mwaka 2017 iliipa nguvu zaidi na kuanzisha Baraza la Rufaa za Bima. Mamlaka hutoa leseni kwa kampuni, mawakala na madalali, na ina dawati la malalamiko ambalo halimtozi mlalamikaji chochote. Linganisha na mwaka 1919, uone umbali tuliosafiri.

Kuisoma ankara

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwenye gari mmoja wa Ludara anakata bima kubwa ya gari lake la mizigo. Malipo ya msingi ni shilingi 1,000,000. Chini yake kuna tozo ya mafunzo ya bima, asilimia 0.5, yaani 5,000. Kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, asilimia 18, ambayo juu ya malipo hayo ya msingi ni 180,000. Kuna ushuru wa stempu na malipo ya stika. Mistari hii yote ina mzazi wake katika sheria au kanuni, na mtu anaweza kuihakiki kwa kalamu. Kisha unafuata mstari wa "ada ya utawala", 60,000.

Swali la kwanza ni la asili: je, ada hiyo imo katika hati ya bima au katika bei uliyopewa kabla ya kukubali? La pili ni la huduma: inalipia kazi gani ambayo haijalipiwa na ile milioni moja? Malipo ya msingi ya bima, kwa kawaida ya biashara hiyo popote duniani, hupangwa yakiwa na sehemu ya fidia, sehemu ya ujira wa wakala, na sehemu ya gharama za ofisi na faida. Anayedai tena gharama za ofisi katika mstari wa pembeni ana deni la kueleza kwa nini kazi moja ilipwe mara mbili.

Tusiwe wajeuri lakini. Zipo ada za haki. Ukipoteza cheti na kuomba kingine, ukibadilisha namba ya gari katikati ya mwaka, au ukitaka hati ya ziada, kuna kazi halisi iliyofanyika kwa ombi lako. Vivyo hivyo kwa Kadi ya Manjano ya COMESA, iliyoanzishwa kwa itifaki ya Addis Ababa ya mwaka 1986, ambayo humwezesha dereva wa Arua kuingia Kongo, tuseme kwenda soko la Ariwara, akiwa na bima inayotambuliwa huko. Kadi hiyo ni kinga ya ziada, na kinga ya ziada hulipiwa.

Palipo na mzozo zaidi ni wakati wa kuvunja mkataba. Tuseme gari limeuzwa baada ya miezi sita. Hati nyingi za bima kubwa husema hivi: kampuni ikivunja mkataba yenyewe, itarudisha malipo ya siku zilizobaki kwa uwiano, mwenye gari akivunja, kampuni itabaki na sehemu kubwa kidogo kufuata jedwali la muda mfupi. Jedwali hilo liliwekwa makusudi ili kampuni isipate hasara ya kazi ya kufungua na kufunga jalada. Basi kampuni inayotumia jedwali hilo kisha ikakata na ada ya utawala juu yake imekula upande wa kulia na wa kushoto wa kipande kimoja cha muhogo. Hoja hii iandike kwenye barua yako, maana ni hoja ya hesabu, wala haihitaji wakili.

Ada inayojificha nyuma ya nauli

Waweza kuuliza, ikiwa haki ni wazi hivyo, kwa nini mstari ule unaishi? Jibu liko barabarani. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na Koboko iko mbele zaidi. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilitiwa lami katika muongo uliopita na imerahisisha mengi, lakini Kampala haikusogea. Mtu mwenye akili timamu hatatumia nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, kudai 60,000. Kwa hiyo ada isiyo ya haki haihitaji kujitetea kwa hoja. Inahitaji tu kuwa ndogo kuliko nauli.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomlinda mkusanyaji wa zamani. Malalamiko ya mtu wa Ludara yalipaswa kusafiri hadi Arua kwa ofisa, na ya Arua hadi Entebbe kwa gavana, na njiani yalichoka. Tofauti ni kwamba leo barua husafiri bila mwenyewe. Pia 60,000 ya mtu mmoja, ikizidishwa kwa magari 100, ni shilingi 6,000,000. Madereva wa stendi moja wakiandika barua moja na kuambatisha ankara zao, udogo wa ada hauna tena pa kujificha.

Kuna na ukuta wa lugha. Hati za bima huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, huku mwenye gari akiongea Kikakwa nyumbani, na Kilugbara, Kinubi, Kilingala au Kiswahili sokoni. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike kama Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Mpaka hati zetu zitakapoandikwa kwa lugha hiyo, una haki ya kumwambia wakala: nieleze kifungu hiki kwa lugha ninayoielewa kabla sijatia sahihi. Asiyeweza kukieleza asikutake ukikubali.

Majirani na ulimwengu

Tutazame nje kidogo. Ankara ya bima nchini Kenya huonyesha tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Mwenye gari wa Nairobi akizikariri namba hizo tatu, mstari wa nne utamshtua. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, iliweka ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, ili mwananchi asianzie mahakamani.

Uingereza inatupa funzo chungu zaidi. Wateja wengi wa benki walilalamikia ada za kuzidisha matumizi ya akaunti, na ofisi ya kulinda biashara ya haki ikapeleka kesi dhidi ya Abbey National na benki nyingine. Novemba 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ada zile zilikuwa sehemu ya bei ya huduma, na kwa hiyo ofisi hiyo haikuweza kuzipima kwa kipimo cha haki ya bei chini ya kanuni zilizokuwapo. Wateja walishindwa. Funzo lake ni kwamba si kila ada inayouma ni haramu. Iliyoandikwa wazi na kukubaliwa mapema ni vigumu kuing'oa baadaye. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza kabla ya kulipa kuliko kulia baada ya kulipa.

Njia ya kudai

Kwanza, omba ankara yenye mistari iliyotenganishwa, pamoja na hati kamili ya bima, siyo cheti peke yake. Hakikisha risiti imetolewa kwa jina la kampuni. Fedha iliyobaki mfukoni mwa wakala haionekani katika risiti ya kampuni, na hapo mzozo wako ni tofauti na mzito zaidi.

Pili, iandikie kampuni barua fupi yenye adabu. Taja namba ya hati, tarehe, kiasi, na uulize: ada hii imewekwa na sheria gani, au na kifungu gani cha mkataba wetu? Omba jibu kwa maandishi na utaje siku unayolitarajia. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, usipojibiwa au usiporidhika, peleka barua zote kwa dawati la malalamiko la Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Asiyekubaliana na uamuzi wa Mamlaka ana Baraza la Rufaa.

Nne, usisahau mahakama. Tangu kanuni za mwaka 2011, Uganda ina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, yakiwamo ya madeni, unaomruhusu mtu kusimama mwenyewe mbele ya hakimu bila wakili.

Na katika muda wote huo usiendeshe gari bila bima ya mtu wa tatu. Mzozo wako ni na kampuni. Mtoto anayevuka barabara kwenda shule hana hatia ndani yake.

Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliozaliwa magharibi ya Nile tumepata daftari kwa kuchelewa na kwa gharama. Askari wa Leopold hakuacha risiti, karani wa kodi aliacha hati isiyojibu swali, na waliokimbia mwaka 1979 waliacha hata hati hiyo nyuma. Leo tuna Katiba, sheria, Mamlaka na dawati lisilotoza. Vyote hivyo ni maandishi tu mpaka mtu mmoja, mbele ya kaunta moja, aweke kidole chake juu ya mstari na kuuliza kwa upole: hii imeandikwa wapi?

Kwa wanafunzi na vikundi vya kusoma, jadilini maswali haya:

1. Eleza tofauti kati ya kodi, tozo na ada, ukitoa mfano wa kila moja katika ankara ya bima.
2. Kwa nini ukomo wa fidia uliowekwa mwaka 1989 unahitaji kuangaliwa upya?
3. Chukueni hati moja halisi ya bima ya gari. Tafuteni mzazi wa kila malipo yaliyomo, kisha andikeni barua ya kuuliza kuhusu lile lisilo na mzazi.